Bushi za Pikapu ya Ndaki

Jumamosi ya tarehe 13 Julai 1996, saa nne na dakika arobaini asubuhi, Koplo Mhoja alishuka kwenye baiskeli ukingoni mwa korongo, akaikuta pikapu ya Ndaki, mnunuzi wa pamba, imelala ubavu kwenye mchanga mkavu. Magunia ya pamba yalikuwa yamepasuka, na mbuzi wawili walishaanza kuitafuna pamba yenyewe. Chini ya gunia kubwa kuliko yote wachungaji walikuwa wamemtoa Maduhu, mpima pamba wa Ndaki, wakamlaza kwenye kivuli cha mgunga na kumfunika shuka. Alikata roho kabla mjumbe hajafika kituoni Bariadi.

Mhoja alivua kofia, akasimama kidogo. Habari ilimkuta kibandani kwa Lukresia, mama ntilie wa nyuma ya soko, akinywa chai ya rangi kwa raha ya mtu aliyeikosa. Lukresia alikuwa amerudi jana yake tu, Ijumaa, kutoka msibani kwa mjomba wake kule Mwanhuzi. Siku tatu alizokuwa huko meko yake yalilala baridi, na Mhoja pamoja na rafiki yake Marcelo, fundi wa magari mwenye gereji pua na mdomo na kibanda hicho, walishindia karanga na maji ya mtungi. Asubuhi hiyo Marcelo alikuja kunywa chai amevaa ndala za mke wake, za waridi, visigino vinaning'inia nje. Watu walimcheka wakamuuliza kama amehamia upande wa pili. Alijibu kwamba katambuga zake za tairi zimekatika mkanda, akainama kwenye kikombe.

Dereva, Masunga, alikuwa amekaa chini kando ya gari, damu imemkauka kwenye nyusi. Alikuwa kijana wa Bariadi, ameoa Sola, miaka sita kwenye usukani bila kugonga hata kuku. Alieleza kwa sauti ya chini. Alitoka Sola saa mbili na nusu na shehena ya pamba. Korongoni aliteremka vizuri. Kupanda ng'ambo ya pili alitaka gia namba moja, ikaingia namba tatu, injini ikazimika, mzigo ukalivuta gari nyuma. Breki ilishika kwa kuchelewa. Gurudumu la kushoto likatoka njiani, gari likalala, na Maduhu aliyekuwa juu ya magunia akawa chini yake.

"Miaka sita huijui namba moja ilipo?" Mhoja aliuliza.

"Nilikosea, afande."

Hakunuka pombe. Mhoja aliinama akachungulia ndani. Upande wa mlango wa abiria mizani ya Ndaki ilikuwa bado imefungwa kwa kamba kwenye kiti, kama ilivyofungwa siku zote, maana tangu watu binafsi waruhusiwe kununua pamba hakuna kitu wanunuzi walichokiogopa kama mizani kuyumba na mkulima kukataa kuiamini. Ndaki alishapiga marufuku isiwekwe nyuma hata siku moja. Katikati ya kiti, karibu na liva ya gia, palikuwa na kishada cha majani ya mwarobaini, mabichi, yamefikichwa mkononi. Mhoja aliyapangusa yakaanguka chini, akaendelea kuandika.

Mmoja wa wachungaji ndiye aliyesema jambo lililomkaa Mhoja kichwani. Gari lilipolala, alisema, kuna mwanamke alijitoa dirishani, amejitanda kanga mpaka usoni, akaenda akichechemea kuelekea kwenye miji ya watu. Hakugeuka nyuma.

"Nani yule?" Mhoja alimuuliza Masunga.

"Ndani nilikuwa mimi na mizani."

"Masunga. Nimekuuliza nani yule mwanamke."

Masunga alitazama mchanga. Aliulizwa mara nne, na mara zote nne alitazama mchanga. Mhoja akafunga daftari akiwa na jibu lake tayari. Dereva alikuwa na hawara kando, macho na mkono vikawa kwingine, na mtu amekufa.

Hata hivyo alitaka kazi yake iwe na miguu. Saa tisa alasiri alikwenda kwa Ndaki, ambaye watu walikuwa wakimnong'ona kwamba anabana matumizi mpaka magari yake yanatembea kwa sala. Ndaki alikuwa amefiwa na mtu wake wa kuaminika, macho mekundu, lakini alipoulizwa habari ya gari aliinuka akaleta mfuko mdogo wa nailoni uliochanwa. Gia ilikuwa inacheza tangu Juni, alisema, bushi za nailoni zinazoishika liva zimeisha. Aliagiza mpya Mwanza, zikakaa wiki mbili njiani, zikafika Jumatano asubuhi, akampelekea Marcelo mwenyewe kwa mkono wake. Jioni akalichukua gari. Mfuko ulikuwa na jina la spea na aina ya gari, kila kitu sawa. Mhoja akamfuta Ndaki kwenye orodha.

Sasa ilibaki kulikagua gari. Mkaguzi wa magari alikuwa Shinyanga, makao ya mkoa enzi hizo, na asingefika mpaka wiki inayofuata. Kwa hiyo Mhoja alifanya ambalo kila mtu Bariadi angelifanya. Alilivuta gari mpaka gereji kwa Marcelo, akamwomba fundi anayemwamini alifungue na kumpa maelezo.

Jumapili, tarehe 14, saa tano asubuhi, watu wametoka kanisani na soko limejaa, Mhoja alimpitisha Masunga katikati yao na pingu mikononi mpaka gereji. Marcelo alikuwa amemaliza. Alisimama na tambara, akifuta vidole ambavyo vilishafutika, akatoa maelezo taratibu, Mhoja akiandika neno kwa neno: Jumatano mchana, kati ya saa saba na saa nane, alizichovya bushi mpya kwenye maji ya moto ya Lukresia mpaka zikalainika, akazibana mahali pake bila shida. Amezifungua leo, ziko nzima. Gia haina kosa. Kosa ni la dereva. Akaweka sahihi.

Mhoja alimgeukia Masunga, na kwa kuwa watu walikuwa wamejaa mlangoni, sauti yake ilipanda bila sababu nyingine.

"Gari zima. Kwa hiyo ni hawara yako. Mtu mwenye mke na watoto anampakia hawara mchana kweupe, anampapasa badala ya kushika gia, Maduhu anakufa. Na bado unamficha."

Watu waliguna. Mwanamke mmoja alitema mate. Masunga aliinua uso kwa mara ya kwanza, na Mhoja aliona kitu ambacho alikuja kukikumbuka kwa miaka mingi: macho ya mtu aliyechapwa mahali pasipochapwa. Kisha akatazama tena chini.

Kabla ya saa nane neno lilikuwa limeshafika nyumbani kwa Masunga. Mkewe, Martha, hakuja kituoni kuuliza. Alifunga nguo, akambeba mdogo mgongoni, akamshika mkubwa mkono, akapanda gari la Maswa kurudi kwa mama yake, Sola.

*

Jumanne, tarehe 16, saa tatu asubuhi, mwanamke mtu mzima aliingia kituoni anachechemea, ameshika fimbo. Goti lake la kulia lilikuwa limefungwa kitambaa.

"Mwangaluka, baba," alimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu," Mhoja aliitikia, akimwita mama. "Karibu ukae."

Alilitazama benchi, akatazama korido inayokwenda mahabusu, akachukua kigoda badala yake na kukigeuza mpaka uso wake ukaelekea ukutani. Hapo ndipo alipokaa. Alisema anaitwa Kabula, ametoka Sola, na kwamba bintiye ni Martha.

Mhoja alifungua daftari. Alidhani amekuja kumlalamikia mkwe.

"Yule mwanamke unayemtafuta," Kabula aliuambia ukuta, "uliyemwita hawara mbele ya watu waliotoka kumwomba Mungu. Ndiye huyu anayeongea na wewe."

Kalamu ya Mhoja ilisimama. Yeye pia alikuwa Msukuma, aliyelelewa na mama. Hakuhitaji kuelezwa kwamba mkwilima, yaani mume wa binti, hakai kiti kimoja na mama mkwe wake, hamgusi, wakikutana njiani humpisha na kutazama pembeni. Na yeye alisimama sokoni akatamka neno kupapasa.

Kabula alieleza polepole, na Mhoja hakumkatiza. Homa ilikuwa imemshika tangu Alhamisi, alikuwa anatafuna mwarobaini na haukusaidia. Gari la pamba ndilo pekee lililokuwa linakuja Bariadi penye hospitali. Alitaka apande nyuma. Maduhu, Mungu amweke pema, alikataa, akasema mama mwenye homa hatashikilia magunia, akampa nafasi yake na kupanda juu yeye. Mizani haikuondolewa mahali pake kwa sababu ya amri ya tajiri. Ndiyo maana mama mkwe alibanwa katikati, miguu yote kushoto mwa ile liva. Walipotoka Sola hawakusemezana. Gari lilipolala, alijitoa akakimbia, maana wachungaji walikuwa wanakuja, na hakutaka akutwe mle na mume wa mwanawe, kanga imemvuka.

"Nikasema ninyamaze, aibu itapita," alisema. "Jumapili jioni mwanangu akaniingilia na watoto, analia kwamba mumewe ana mwanamke. Nikae kimya mpaka lini, baba? Nimevunja nyumba ya mwanangu kwa kuificha sura yangu."

"Na gia, mayu? Uliona nini kwenye gia?"

"Ilinigonga hapa." Aligusa goti. "Mara mbili, bado hatujafika mbali. Mara ya pili yeye aliliomba dirisha msamaha. Baada ya hapo kila akiileta, ikikaribia goti anairudisha. Pale mlimani nilijua inataka kuja. Nikajibana. Hapakuwa na pa kujibana zaidi. Akaiacha."

Mhoja alikumbuka yale majani aliyoyapangusa. Alikumbuka pia swali ambalo hakuwahi kumuuliza mtu yeyote, kwa nini mpima pamba anayekaa kando ya mizani siku zote alikuwa juu ya magunia siku ile. Halafu lilimjia jambo la tatu, na hilo lilimwinua kwenye kiti. Gia yenye bushi mpya inakwenda upana wa kiganja tu. Haifiki kwenye goti la mtu.

*

Saa nne na nusu walikuwa gereji: Mhoja, Ndaki, Masunga bila pingu, na Kabula kwenye kigoda chake, amewapa mgongo. Marcelo alikuwa pale na zile ndala za waridi. Mhoja alimwita Lukresia kutoka kibandani, akamwomba aingie kwenye pikapu akae katikati.

"Nimepanda magari mengi kama abiria," Lukresia alisema akijikusanya. "Kupanda kama goti ndiyo leo."

Hakuna aliyecheka sana. Mhoja alikaa kwa dereva, akakanyaga klachi, akaisukuma liva kushoto na mbele kutafuta namba moja. Ilikwenda, ikaendelea kwenda, ikalegea kama kijiko kwenye uji, na haikuingia mpaka ilipomgonga Lukresia gotini kwa nguvu. Alipoishia kiganja kimoja kabla ya goti, iliingia namba tatu. Alijaribu mara tano. Mara zote tano ilikuwa hivyo.

"Huenda zimelegea kwa ajali," Marcelo alisema haraka.

"Jumapili uliniambia ziko nzima. Ajali ilikuwa Jumamosi."

Marcelo akasema basi labda dereva alizibadili njiani akauza mpya. Masunga alimtazama tu. Mhoja aliomba bisibisi. Alifungua skrubu nne za kava la mpira moja baada ya nyingine, akaziweka kwenye kofia yake zisipotee, akaichomoa liva. Kwenye kitako chake, mahali panapokaa kikombe kidogo cheupe cha nailoni na kipete chake, palikuwa na mpira mweusi uliochongwa kwa kisu, umevimba kwa oili na kulainika kwa joto la giaboksi. Aliufuta kwa kidole gumba. Upande mmoja ulikuwa na mistari ya kukanyagia ya tairi.

Alifungua daftari na kusoma kwa sauti ya kawaida: "Jumatano mchana, kati ya saa saba na saa nane, nilizichovya bushi mpya kwenye maji ya moto ya Lukresia."

Lukresia alitoa kichwa dirishani. "Jumatano? Jumatano nilikuwa Mwanhuzi namlilia mjomba. Nani aliwasha moto wangu?"

"Hakuna," Mhoja alisema. "Najua hakuna, kwa sababu Jumatano hiyo saa saba na nusu nilikuwa nimekaa na Marcelo hapo mbele ya meko baridi, tunamenya karanga. Nimeliandika hilo la maji kwa mkono wangu nikaona ni sawa, kwa kuwa limesemwa na rafiki." Akauliza, "Marcelo, katambuga zako ziko wapi?"

Fundi aliinamisha kichwa, akazitazama ndala za mke wake. Kila mtu pale naye alizitazama. Kwenye kona ya gereji, nyuma ya pipa, Ndaki ndiye aliyezikuta katambuga, zile za tairi. Ya kushoto ilikuwa haina kisigino. Ndani yake, zimefungwa kwenye kipande cha gazeti, palikuwa na vipande vitano vya nailoni nyeupe vilivyopasuka.

Marcelo alikaa juu ya tairi. Alisema bushi za aina ile ni ngumu kama jino zikiwa baridi, lazima zilainishwe, na yeye hajawahi kuzifunga bila maji ya Lukresia. Siku ile meko hayakuwa na moto. Ndaki alikuwa anataka gari jioni hiyohiyo, wanunuzi wengine wameshaingia Sola. Angeweza kuomba moto kwa jirani. Lakini kwenda nyumba hadi nyumba na sufuria, fundi mwenye kibao cha FUNDI BINGWA WA MWANZA, aliona haya. Akazigonga kwa nyundo zikiwa baridi, zikapasuka.

"Zilikaa wiki mbili njiani," alisema. "Nikamwambie mwenye gari nimezivunja kwa dakika tano? Nikachonga za mpira. Nikaagiza nyingine kwa kondakta wa basi la Mwanza, zinafika leo. Nilitaka nizibadili kimyakimya, mtu asijue."

"Na Masunga?" Ndaki aliuliza. "Na Maduhu?"

"Jumamosi nilisema nitasema kesho. Kesho yake afande akaniletea gari nilikague mimi. Nikasema, basi nitasema keshokutwa." Alijifuta uso na tambara la grisi. "Nilikuwa naogopa kuchekwa. Ni hilo tu, hakuna kingine. Maduhu nilikuwa nampenda."

Hilo la kuchekwa lilimwingia Mhoja kuliko alivyotaka. Alimfunga Marcelo pingu mwenyewe, akamwambia atashitakiwa kwa uzembe uliosababisha kifo na kwa kumdanganya polisi. Halafu akamgeukia Masunga akamuuliza kwa nini alikuwa tayari kufungwa badala ya kusema neno moja.

Masunga alijibu akitazama ukuta mwingine, si ule wa Kabula. "Lile neno lingekuwa jina la mama, afande. Lisingekaa kwenye faili. Lingekwenda sokoni."

Jingine alishalipeleka sokoni Mhoja mwenyewe. Aliichukua kofia yake, skrubu nne zikamwagika chini, hakuziokota. Alitoka mlangoni. Watu walikuwa wamekusanyika kama Jumapili, na wengi walikuwa walewale. Alizungumza nao bila kupaza sauti, ikabidi wasogee. Alisema kwamba siku ya Jumapili alimtukana mtu mbele yao. Hakukuwa na hawara kwenye gari lile. Kulikuwa na mama mgonjwa aliyekuwa anapelekwa hospitali, na dereva aliyemheshimu mpaka mwisho, na yeye, Mhoja mwana wa Salu, alikosea, na kosa lake lilikuwa kubwa kuliko la kijana aliyekosa gia. Hakumtaja mama huyo jina. Yule mwanamke aliyetema mate alijifunga kanga vizuri na kuondoka.

Aliporudi ndani aliwakuta Kabula na mkwilima wake kama alivyowaacha, kila mmoja na ukuta wake. Ndaki alikuwa ameshamtuma mtu Sola kwa Martha.

"Afande," Masunga alisema, bado hajageuka. "Naomba umwambie mama, lile goti likandwe. Na maji ya moto. Limevimba kwa ajili yangu."

Kabula alikuwa hatua tatu kutoka kwake, amesikia kila neno. Alingoja kuambiwa.

"Mayu," Mhoja alisema, "mkwilima anasema goti likandwe na maji ya moto."

"Mwambie nimesikia," Kabula alisema. "Mwambie pia halikuwa kosa lake. Ningeweza kulisogeza."

Mhoja alilipeleka na hilo. Kisha alitoka, akaenda kibandani, akapiga magoti mwenyewe mbele ya meko ya Lukresia na kupuliza moto mpaka sufuria ikachemka. Akaibeba kwa mikono miwili kupita mbele ya watu wote, kwa uangalifu, asimwage hata tone.